Kuishi ndani ya haibridi kando ya Ziwa: tunachagua kwa vigezo vya nani?

Mtanzania anayetafuta gari huanza na swali moja: linakula lita ngapi? Kwa mtu wa kwenda kazini na kurudi, swali hilo linatosha. Lakini kuna mtu aliyeamua kuhamia ndani ya gari, alale humo, apike kando yake, achaji simu na kompyuta humo, na asubuhi aendeshe hilo hilo kutoka Mwanza kwenda Sengerema au Magu. Kwake swali la mafuta linakuja la tatu au la nne. Gari lake litasimama saa nyingi kuliko litakavyotembea, na ubovu wake ataujua likiwa limesimama, saa nane usiku, mbu wakiwa nje na yeye ndani.

Watu wa namna hii wapo, na naamini wataongezeka. Mnunuzi wa dagaa anayefuata mialo (fukwe zinakoshushwa samaki), fundi wa minara ya simu, mpimaji wa ardhi, ofisa mauzo mwenye wateja kuanzia Bunda hadi Geita. Mwenye nyumba anadai kodi ya miezi sita, wengine ya mwaka mzima, kwa chumba ambacho mpangaji atakilalia siku chache kwa mwezi. Tena tangu Juni 19, 2025, Daraja la JP Magufuli lilipofunguliwa kati ya Kigongo na Busisi, kilometa 3 ambazo watu walizisubiria kivuko kwenye foleni zinavukwa kwa dakika chache. Mtu anaweza kuwa kazini Geita asubuhi na kuonana na mteja Buhongwa jioni. Kinachomsumbua ni mahali pa kulala katikati ya safari hizo.

Wazo la kufanya haibridi, gari la injini ya mafuta linalosaidiwa na mota ya umeme na betri kubwa, kuwa nyumba limetufikia hasa kutoka Marekani, na lazima tulichunguze kabla ya kulikumbatia. Wenzetu wa huko waliichagua Toyota Prius kwa sababu maalumu. Ukiiacha ikiwa imewaka taa ya READY, yaani gari liko tayari kuondoka, injini hukaa kimya huku kompresa ya AC ikiendeshwa na umeme wa betri kubwa. Betri ikishuka, injini inajiwasha yenyewe, inachaji kwa dakika chache, inazima tena. Hakuna haja ya kuunguza mafuta usiku kucha ili kupata ubaridi. Kompresa hiyo ya umeme ilikuja na Prius ya kizazi cha pili mwaka 2003. Ile ya kwanza kabisa, iliyoingia sokoni Japani mwaka 1997, haikuwa nayo. Kwa mtu anayelala garini Arizona mwezi wa Julai, au anayehitaji joto Minnesota mwezi wa Januari, mfumo huu ni suala la uhai.

Sasa tazama tulipo sisi. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mchana Mwanza huwa na joto la nyuzi 27 hadi 29 hivi, na usiku linashuka mpaka 18 au chini ya hapo. Giza likiingia, upepo wa nchi kavu unaanza kuelekea majini. Aliyelala Igogo au Luchelele anajua kwamba alfajiri unavuta blanketi. Huku hakuna usiku wa kuhitaji AC, na hakuna usiku wa kuhitaji hita. Unachohitaji ni dirisha lililo wazi kidogo, lenye wavu mzuri.

Kwa hiyo sababu kuu inayompeleka Mmarekani kwenye haibridi, huku kwetu haipo. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu orodha za magari bora ya kulala zinazosambazwa zimeandikwa kwa hali ya hewa ya watu wengine, na mtu wa Nyegezi anaweza kutoa mamilioni kununua uwezo ambao hatautumia hata mara moja.

Je, haibridi inabaki na nini? Inabaki na umeme, na inabaki na mafuta ya mjini. Nianze na umeme, maana hapo hesabu huwashangaza wengi.

Betri kubwa ya Prius ya kizazi cha pili na cha tatu ni ya nikeli, imeundwa kwa vipande 28 vya volti 7.2 kila kimoja, jumla volti 201.6, na ujazo wa ampea-saa 6.5. Zidisha, unapata uniti 1.3, uniti hizi hizi tunazonunua kwenye LUKU. Na si zote utakazozigusa. Kompyuta ya gari huilinda betri isishuke chini ya asilimia 40 hivi wala isipande juu ya 80, kwa hiyo kinachochezewa ni kama nusu uniti kabla injini haijajiwasha. Sasa chukua betri ya sola ya lithiamu, volti 12.8 na ampea-saa 100, inayoingia chini ya kitanda. Ina uniti 1.28, na karibu zote unazitumia. Paneli ya wati 200 juu ya keria, ikipata jua la nguvu kwa saa tano, inatoa uniti nzima kabla ya kutoa hasara za njiani. Kwa feni, taa, simu, kompyuta mpakato na friji ndogo ya gari, huo ni umeme wa kutosha, na unapatikana kwenye gari la aina yoyote.

Wanaotetea haibridi watataja plagi. Ni kweli, Toyota Estima Hybrid tangu 2001 imekuwa na plagi ya kutoa hadi wati 1,500, na baadhi ya Noah Hybrid na Mitsubishi Outlander ya kuchajiwa zimewekewa plagi kama hiyo. Lakini ni umeme wa Japani, volti 100. Birika letu la volti 230 likichomekwa hapo linapata chini ya moja ya tano ya nguvu yake. Litavuguvugisha maji tu. Itabidi ununue transfoma ya kupandisha umeme, au birika na jiko la wali vilivyotengenezwa kwa volti 100. Linawezekana, na mtu anayependa kupika kwa umeme atafurahi nalo. Ila asinunue Estima nzito ya lita 2.4 kwa ajili ya plagi peke yake.

Mahali haibridi inapojilipa ni barabarani. Barabara ya Kenyatta jioni, kutoka katikati ya jiji kupita Igogo na Mkuyuni kwenda Nyegezi, ni mwendo wa kusimama na kuondoka, na huo ndio mwendo unaoifaa haibridi: breki zinarudisha umeme, injini inazima kwenye foleni. Kwa vipimo vya serikali ya Marekani, Prius ya kizazi cha tatu hupata maili 50 kwa galoni, sawa na kilometa 21 kwa lita. Ndugu yake mrefu, anayeitwa Prius Alpha Japani, hupata karibu kilometa 18. Noah ya zamani ya lita 2 ikikupa 10 mjini umshukuru Mungu. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Mwanza, kwa umbali wa zaidi ya kilometa 1,100 kutoka bandari ya Dar es Salaam, hulipa zaidi kwa kila lita. Mtu anayezunguka kila siku kati ya Igoma, Ilemela na Usagara atauona huo mwanya. Mtu anayeegesha wiki nzima Kayenze hatauona, na kwake ningesema wazi: nunua gari la kawaida lenye nafasi, weka sola, tofauti ya bei iwe akiba.

Ukishajua kwamba wewe ni wa kundi la kwanza, la wanaozunguka kila siku, ndipo tuzungumze gari lipi.

Neno hybrid lililobandikwa nyuma ya gari halina maana moja. Nissan Serena S-Hybrid, kwa mfano, ina jenereta iliyoongezwa nguvu na betri ya ziada ya volti 12. Inasaidia injini kuzima kwenye taa za barabarani, basi. Haina betri kubwa ya kukuendeshea kitu ukiwa umesimama. Ni gari zuri la familia, lina nafasi, lakini anayelinunua akidhani amepata mfumo wa Prius amepotea. Uliza volti za betri kubwa. Muuzaji akikuambia ni 12, hilo si unalolitafuta.

Prius yenyewe, ile ya umbo la kushuka nyuma, inamtosha mtu mmoja asiye mrefu. Paa linashuka pale pale kichwa kinapotaka kukaa, na mtu anayeishi humo atatumia saa nyingi ameketi kitandani, si amelala tu. Prius Alpha ina paa la juu na buti refu, na siti za nyuma zikilazwa unapata sakafu ya kunyoosha mwili. Hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji: Alpha ya watu watano ina betri ya nikeli chini ya sakafu ya buti; ya watu saba ina betri ya lithiamu kati ya siti mbili za mbele. Kwa anayeishi ndani yake, ya watu watano ni bora kwa namna mbili. Haina safu ya tatu ya siti za kung'oa, na betri yake ni ya jamii ya nikeli ambayo mafundi wameizoea na vipande vyake vinatafutika. Hiyo ndiyo ningempa mtu anayelala peke yake.

Kwa wawili, Noah Hybrid au Voxy Hybrid ya kuanzia 2014. Milango ya kuteleza inafunguka hata ukibanwa kati ya fuso mbili pale Mwaloni Kirumba, unaketi wima bila kugusa paa, na betri iko chini ya siti za mbele, mbali na kitanda. Wengi wataipenda kwa sababu nchi hii imejaa Noah. Lakini spea za Noah ya zamani inayobeba abiria haziingii kwenye hii. Jina ni moja, gari ni lingine.

Kuna jambo moja sijaliona likipewa uzito unaostahili, na ndilo linaloweza kumwangusha mtu kifedha. Betri kubwa inapozwa na hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari, hewa ile ile unayovuta wewe. Kwenye Prius na Alpha ya watu watano, tundu la kuvutia hewa liko eneo la siti ya nyuma. Ukilaza siti na kutandika godoro, mto au blanketi linaliziba. Feni inavuta nyuzi za blanketi, nywele, na vumbi letu jekundu la barabara za Buhongwa, mpaka inasongwa. Betri inapata joto bila kupumua, na joto ndilo adui mkuu wa betri ya nikeli. Baada ya muda taa ya onyo inawaka, na watu wanasema haibridi ni magari mabovu. Hapana. Betri imezibwa pua.

Dawa yake ni rahisi kama ukiijua kabla ya kumwita fundi seremala. Kitanda kisitandikwe juu ya siti; kijengwe juu ya fremu ya mbao au mabomba mepesi, na tundu lile liachiwe wazi. Likifunikwa, lifunikwe kwa wavu unaotolewa na kuoshwa. Feni yenyewe isafishwe kila gari linapokwenda sevisi, maana gari linalolaliwa lina nyuzi na vumbi mara nyingi kuliko gari la kawaida. Kwenye Noah Hybrid kazi hiyo hiyo ifanyike chini ya siti za mbele, ambako watu hupenda kusukumia viatu na mifuko.

Betri ndogo ya volti 12 nayo ina visa vyake. Haibridi za Toyota hazina oltaneta. Betri hii inachajiwa kutoka betri kubwa, na hilo hufanyika gari likiwa READY tu. Ukisikiliza redio usiku kucha ukiwa umewasha nusu, betri ndogo inakufa, na gari haliamki hata kama kubwa imejaa. Kwenye Prius betri hiyo iko nyuma na mlango wa nyuma hufunguka kwa umeme, kwa hiyo huifikii kirahisi. Jua mapema kwamba chini ya boneti, kwenye boksi la fyuzi, kuna ncha ya kuunganishia waya wa kuamshia. Vifaa vyako vya usiku viunganishwe na betri ya sola, usiiguse ya gari.

Na hapa hali ya hewa yetu inatupa zawadi. Kwa kuwa hatuhitaji AC usiku, hatuna sababu ya kulala gari likiwa READY. Lizime kabisa. Injini inayojiwasha yenyewe wewe ukiwa usingizini, ndani ya banda au nyuma ya ukuta uliofungana, inatoa kaboni monoksaidi, gesi ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Haina harufu, wala haikuamshi. Naomba hili lisichukuliwe kama tahadhari ya kawaida ya kuandikwa tu. Mwanza hakuna starehe yoyote ya AC inayostahili kuhatarisha roho ya mtu.

Kuhusu mawe sina mengi. Prius iko sentimita 14 hivi kutoka ardhini. Mtu wa Isamilo au vilima vya Mabatini anajua maana yake. Noah iko juu kidogo. Kama njia yako ya kila siku ni ya kupanda mlimani kwenye miamba, hakuna kati ya hizi inayokufaa. Ufukweni napo usiegeshe karibu na maji kwa sababu pamependeza. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kufikia viwango vya rekodi ya miaka ya 1960 na kuzimeza fukwe, na kila mwaka viboko hutoka majini usiku kula majani. Na maji ya kuoga yasitoke ziwani: kichocho kinapenya kwenye ngozi, na Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yaliyoathirika zaidi nchini. Lipa bafu la nyumba ya wageni.

Tafuta fundi kabla ya gari. Nyaya za rangi ya chungwa zina zaidi ya volti 200, na fundi asiye na glavu za kuhami umeme, au asiyejua plagi ya usalama ya kuchomoa kwanza, asiiguse. Akija yadi na wewe, aunganishe mashine na kusoma volti za betri kwa mafungu; fungu moja likiachana mno na mengine chini ya mzigo, betri inachoka. Injini ya lita 1.8 ya Prius za kuanzia 2009 hadi 2015, iliyomo pia kwenye Alpha, inajulikana kwa njia ya kurudisha moshi kuzibwa na masizi, na mwisho wake gasiketi ya hedi kupasuka. Omba kuliwasha asubuhi likiwa la baridi. Likitetemeka kwa nguvu kisha likatulia, au maji ya rejeta yakawa yanapungua bila kuvuja, acha. Prius ya kizazi cha tatu pia iulizwe kama ilirekebishwa chini ya wito wa Februari 2014, Toyota ilipoyaita takriban magari milioni 1.9 kurekebisha programu ya inveta. Namba ya chasisi inatosha kuthibitisha. Na usisahau TRA: gari dogo la miaka minane au zaidi linaongezewa ushuru wa uchakavu, na likizidi kumi ushuru huo unapanda, na Alpha nyingi za bei nafuu zimeshavuka umri huo. Alpha iliendelea kutengenezwa hadi 2021, kwa hiyo piga hesabu. Mara nyingine la miaka ya karibu linaishia bei moja na la zamani.

Lililobaki halimo kwenye injini. Kwetu mtu ana mtaa. Sungusungu lilizaliwa Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mpaka leo gari geni lenye mapazia lililolala kichochoroni linaulizwa ni la nani. Ni haki yao kuuliza. Mwaka 2022 serikali iliweka anwani za makazi nchi nzima. Nyumba ina namba, gari halina. Mkopo, kitambulisho, dhamana ya polisi, vyote vinarudi kwenye barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Kwa hiyo anayehamia garini atafute kwanza kaya itakayompokea: ua wa ndugu, kiwanja cha kanisa au msikiti, au uwanja wenye mlinzi anaoulipia kwa mwezi kwa bei ndogo kuliko chumba. Ajitambulishe kwa mwenyekiti kwa jina na namba ya gari. Akiwa safarini, alale sheli yenye taa na mlinzi, kama wanavyofanya madereva wa malori, baada ya kuomba ruhusa. Kwa mwanamke anayelala peke yake jambo hili naliweka mbele ya aina ya gari, betri na mafuta yote.

Kwa mzazi mwenye mtoto anayesoma, jibu langu ni hapana, hata gari liwe kubwa kama Toyota Alphard. Mtoto anahitaji meza ya kufanyia kazi za shule, choo cha usiku, na jirani anayemjua kwa jina, na hakuna mpangilio wa siti unaoleta hivyo vitatu. Pesa ya gari hiyo inalipa kodi ya Nyakato au Mkolani kwa miaka kadhaa.